Shajara ya Mustang ya 1965: kuirudishia ndani yake ya kiwandani

Machi

Kazi ya bati na rangi imekwisha. Kuanzia sasa shajara hii ni ya ndani ya gari tu: viti, dashibodi, milango, kapeti, na kila kitu kinachoguswa na mkono wa dereva.

Kwa wanaosoma kwa mara ya kwanza: gari ni Ford Mustang ya 1965, milango miwili, paa gumu, injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, gia otomatiki. Nililinunua hapa Ohio ninapoishi. Ukichungulia dirishani utadhani ni bahati ya mtende. Maegemeo ya viti yana farasi wanaokimbia waliobonyezwa kwenye reksini, dashibodi ina geji tano za duara na ukanda wa rangi ya mbao, na usukani ni wa mfano wa mbao. Hayo ni mapambo ambayo Ford waliyauza kwa jina la Interior Decor Group, nao wapenzi wa gari hili wameyaita Pony hadi leo. Yaliingia sokoni katika majira ya kuchipua ya 1965, miezi michache tu kabla ya modeli ya mwaka huo kufungwa. Aliyeniuzia alisema gari limetoka kiwandani hivyo hivyo.

Kibati kinasema vingine. Kwenye ukingo wa nyuma wa mlango wa dereva, chini ya kufuli, kila Mustang ya miaka hiyo ina kibati cha alumini kilichopigwa ribiti. Hiki kibati cha dhamana ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari, na kukisoma si kazi ngumu. Changu kinaanza na 65A. Namba 65 ni bodi ya paa gumu (63 ni fastback, yenye paa linaloteremka hadi nyuma, 76 ni ya paa la kukunja), na herufi A maana yake ni ndani ya kawaida. Gari lililotoka na Pony lingeandikwa 65B. Inafuata M, rangi nyeupe ya Wimbledon White. Kisha 26: reksini nyeusi ya kawaida. Nyeusi ya Pony ni 66. Tarehe ni 14E, yaani tarehe 14 Mei, kwa sababu miezi inapewa herufi kuanzia A kwa Januari, na herufi I inarukwa isichanganywe na namba moja. Kwenye gia pameandikwa 6, otomatiki ya C-4.

Kwa hiyo gari hili lilitoka kiwandani na viti vyeusi visivyo na farasi. Mei 1965 Pony ilikuwa tayari inauzwa, ndiyo maana hadithi ya muuzaji iliweza kuaminika. Tarehe peke yake isingetosha kuikataa. Kilichonifanya niikatae ni ile A na ile 26.

Bado Machi

Kibati kiko mlangoni, na mlango ni bolti chache tu. Gari likigongwa ubavuni, mwenyewe huenda kwenye yadi ya magari mabovu, akafunga mlango wa gari jingine, na cheti cha mwingine kikaja nao. Kabla ya kuamini kibati sharti namba yake ya chasisi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi. Kwenye Mustang za 1965 namba hiyo iko chini ya boneti, upande wa kushoto, juu ya bati la ndani la madigadi. Madigadi yenyewe yamekatwa kijidirisha ili isomeke.

Nilisugua kwa brashi laini na mafuta mepesi hadi nyota ya kwanza ikatokea, kisha 5T07C na namba zinazofuata. Tano ni 1965. T ni kiwanda cha Metuchen, jimbo la New Jersey (F ingekuwa Dearborn, R ingekuwa San Jose ya California). 07 ni paa gumu, C ni ile 289 ya kabureta ya matundu mawili, nguvu za farasi 200. Namba zote zimelingana na za kibati hadi ya mwisho. Mlango ni wa gari hili.

Nimetumiwa swali mara nyingi: kwa nini usiagize tu ripoti ya uzalishaji? Kwa Mustang za 1967 na kuendelea ningeagiza. Marti Auto Works wanazo kumbukumbu za Ford za kuanzia mwaka huo, na ukiwapa namba ya chasisi wanakueleza gari lilivyoagizwa. Za 1965 na 1966 hazimo. Ford walitengeneza zaidi ya Mustang 680,000 za modeli ya 1965 na zaidi ya 607,000 za 1966, na kila moja kati ya hizo inabidi isomwe kwenye mwili wake yenyewe. Yapo magari ambayo ndani yake hukutwa karatasi ya maelekezo ya kiwandani, imenasa kwenye springi za kiti au juu ya fungu la nyaya nyuma ya dashibodi. Kwangu imebaki kazi ya kuitafuta.

Aprili: dashibodi

Nimeng'oa kundi la geji. Hapa pana mengi, nitakaa kidogo.

Mustang ya 1965 ya kawaida haina geji tano. Ina spidomita ya mlalo, ndefu, ambayo mshale wake hutembea kushoto kwenda kulia, na pembeni geji mbili tu: mafuta na joto la maji. Oili na chaji hupewa taa za onyo. Muundo huo ulitokana na Falcon, gari ambalo Mustang ilijengwa juu ya msingi wake. Geji tano za duara mwaka 1965 zilikuwa za GT (kifurushi cha michezo) na za Pony. Mwaka 1966 ndipo zikawekwa kwenye Mustang zote, na hicho ndicho chanzo cha vurugu yote hii: geji za 1966 ni tele, zinaingia kwenye tundu la dashibodi ya 1965, na aliyetaka gari lake lionekane la fahari hakuhitaji zaidi ya bisibisi na mchana mmoja.

Uso wa dashibodi unaweza kubadilishwa asijue mtu. Nyaya haziwezi. Nililala chali chini ya usukani na taa ya kichwani, nikafuata kila waya kutoka kwenye soketi hadi kwenye ukuta wa injini. Soketi za taa mbili za onyo zilikuwepo bado, zimekunjwa nyuma na kufungwa kwa utepe mweusi uliokauka. Nyaya za geji mpya ziliunganishwa na viunganishi vya plastiki vya rangi ya samawati, vya aina inayouzwa leo dukani. Geji ya chaji haikuwa imeungwa na kitu chochote. Ilikaa pale kama pambo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko nje, kwenye injini. Pale chini mbele, upande wa dereva, juu ya filta ya oili, V8 hii ina kifaa kinachopima presha ya oili. Gari la taa ya onyo lina swichi ndogo, haizidi kidole gumba, ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima tu. Gari la geji lina sensa kubwa yenye umbo la kengele, kwa sababu sharti itoe kipimo kinachopanda na kushuka. Yangu ni swichi ndogo. Ndiyo maana mshale wa oili kwenye zile geji za duara ulikuwa ama umelala sifuri ama umegonga mwisho, hakuna katikati. Gari lilikuwa linasema lenyewe kila linapowashwa.

Nimepata kundi la geji la mlalo kutoka kwa mzee mmoja anayevunja Mustang mbovu kusini mwa hapa. Nyuma yake kuna muhuri wa tarehe ya Aprili 1965. Hiyo inafaa. Kanuni ni kwamba kipuri kitangulie gari: kilichotengenezwa Juni hakiwezi kuwa kilifungwa Mei. Na kisitangulie mno, maana kiwanda kilichokuwa kinatoa magari kwa kasi ile hakikuwa na muda wa kuweka vitu stoo.

Tahadhari kwa anayejaribu geji hizi mezani: usizipe volti 12 moja kwa moja. Nyuma ya kundi kuna kirekebisha umeme kidogo kinachokata na kuunga haraka haraka, hadi wastani unaofika kwenye geji ya mafuta na ya joto uwe volti 5 hivi. Ukiiruka hatua hiyo unaunguza nyuzi za ndani, na geji iliyovumilia tangu 1965 inakufa mkononi mwako.

Mei: viti

Shemeji yangu ni fundi wa viti. Alianza kwa kushona viti vya matatu Mombasa, na sasa ana karakana yake hapa Columbus. Amekuja na koleo zake na kisu chake cha kukatia.

Viti vya miaka hiyo havikugundishwa. Reksini huvutwa juu ya fremu na kubanwa kwa vipete vya waya, na ukivikata kimoja kimoja kiti kinajieleza tabaka kwa tabaka. Juu kulikuwa na gamba la Pony, jipya, la kiwanda cha kopi. Chini yake sifongo jipya. Chini ya sifongo pamba ya zamani iliyogeuka rangi ya chai, kisha gunia, kisha springi zenye kutu. Nilidhani tumefika mwisho. Shemeji akapitisha kidole kwenye waya wa chini wa fremu, upande wa nyuma usioonekana mtu akikaa, akasimama.

"Shemeji, leta taa."

Vipete viwili vya zamani vilikuwa vimebaki. Aliyeshona mara ya pili hakujisumbua kuvitoa. Alibana vyake kando. Na vile viwili vilikuwa bado vimeuma kipande cha reksini, upana wa kidole, kimekunjamana na kubeba vumbi la miaka. Shemeji akakilowesha kwa maji ya sabuni na kukifuta kwa kitambaa, taratibu, hadi mikunjo ya ngozi ya bandia ikaonekana wazi. Nyeusi. Upande wa ndani bado ulikuwa na kitambaa chake cha pamba.

"Hii ndiyo ya kwanza," akasema. "Hakuna nyingine chini yake."

Tuliagiza vipande vya sampuli kutoka kwa watengenezaji wa magamba ya viti. Watu wengi hununua gamba lililoandikwa "1965-66" wakaridhika, na hilo linaniuma. Fremu za miaka hiyo miwili zinakubaliana, lakini mapambo ya kiti cha kawaida yalibadilishwa Ford walipoingia 1966, na mchoro wa mishono si mmoja. Mtu anayeuza gamba moja kwa miaka yote miwili anauza kinachoingia, ambacho si lazima kiwe kinachostahili. Tumeweka sampuli ya 1965 kando ya kile kipande mchana, nje, kwenye mwanga wa jua, na mikunjo imekubaliana. Shemeji ameagiza.

Kile kipande kidogo nimekitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipete vyake, nikaandika kimetoka kiti gani na upande gani. Atakayelimiliki gari baada yangu atakuwa na cha kushika.

Juni: Carlisle

Kila Juni mji wa Carlisle, Pennsylvania, unajaa magari ya Ford na watu wanaouza vipuri juu ya meza na maturubai. Nilikwenda na orodha: usukani wa kawaida, vishikio vya milango, maegemeo ya mkono, redio.

Anayekwenda huko bila kujua kusoma namba za Ford atarudi na mzigo wa chuma. Namba zina lugha yake. Herufi ya kwanza ni muongo: C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo. Herufi ya tatu ni gari ambalo kipuri kilibuniwa kwa ajili yake: Z ni Mustang, D ni Falcon, O ni Fairlane, A ni magari makubwa ya Ford, S ni Thunderbird. Ya nne ni idara: B ni bodi, F ni umeme, na Z ni kipuri cha kuuzwa dukani kama badala. Katikati huja namba ya aina ya kitu, na hiyo haibadiliki mwaka hadi mwaka: 3600 ni usukani, 10849 ni kundi la geji.

Mambo mawili huwachanganya watu hapa. La kwanza, namba iliyo kwenye boksi na iliyobonyezwa kwenye kipuri chenyewe mara nyingi hazifanani, kwa kuwa boksi hubeba namba ya duka (C5ZZ) na kipuri hubeba ya wahandisi (C5ZB). Huo si udanganyifu. La pili, mwaka ulioko kwenye namba ni mwaka wa kubuniwa. Kipuri cha C4D, yaani cha Falcon ya 1964, kinaweza kuwa halali kabisa ndani ya Mustang ya 1965, kwa sababu Ford hawakubuni upya kile ambacho tayari kilifanya kazi. Lakini C6Z ndani ya gari la Mei 1965 haiwezekani. Kinachotangulia kinaruhusiwa, kinachofuata hakiruhusiwi.

Muhuri wa FoMoCo (kifupi cha Ford Motor Company) nao usikupumbaze. Zipo kopi zinazotengenezwa kwa leseni ya Ford wenyewe, na ni nzuri. Mimi huangalia mgongo wa kipuri: kutu, mikwaruzo ya skrubu, plastiki iliyopauka upande uliopigwa na jua na kubaki nyeusi upande uliofichwa. Umri haugawanyiki sawasawa.

Nilimkuta mtu anauza Rally-Pac, ile jozi ya takometa (kipima mizunguko ya injini kwa dakika) na saa inayokaa juu ya shingo ya usukani. Nzuri, safi, takometa yake inafika mizunguko 8,000. Hiyo ilikuwa ya injini ya K, ile 289 ya nguvu za farasi 271. Za injini nyingine ziliishia 6,000. Kijana mmoja mwenye gari la injini ya C alikuwa anahesabu pesa ainunue. Nilimwonyesha ile namba kwenye uso wa takometa na kumweleza. Muuzaji, nimshukuru, alikubali palepale kwamba ni kweli.

Nimerudi na usukani wa plastiki nyeusi, una ufa mdogo karibu na mkono mmoja wa chuma, utazibwa kwa epoksi. Na vishikio vya milango vya kawaida.

Julai: redio na mikanda

Redio iliyokuwemo ilikuwa na mashine ya kanda za njia nane (8-track) imening'inizwa chini yake. Ford walianza kuweka mashine hizo kiwandani kwa modeli za 1966, zilizotoka Septemba 1965. Gari langu lilikuwa barabarani kabla ya hapo. Imetoka. Nimepata redio ya AM yenye vitufe, na namba yake inaanza na 5 na kuishia na Z, mwaka na Mustang.

Mikanda iliyokuwa mbele ilikuwa na ukanda wa begani. Sheria ya Marekani ilianza kudai ukanda huo kwa viti vya mbele kwenye magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 1968, hivyo mikanda ile ni ya gari la baadaye. Kwa usalama nimesitasita. Nimeamua hivi: gari hili litatembea, halitakaa jumba la makumbusho, kwa hiyo natafuta mikanda ya kiunoni ya wakati wake kwa siku za maonyesho, na ile ya begani inabaki gerejini, safi, tayari kurudishwa kwa safari ndefu. Sina shida na anayeamua vinginevyo. Mtoto wake akikaa ndani, aamue vinginevyo.

Agosti: pembeni kidogo

Jirani ana Chevrolet Camaro ya 1969 na ameniomba nimsaidie kusoma yake. Kwa General Motors, wanaotengeneza Chevrolet, kibati hakiko mlangoni, kimepigwa ribiti kwenye ukuta wa injini. Chake kinasema 711, nyeusi ya kawaida. Ingekuwa 712 ingekuwa nyeusi ya Custom, kifurushi cha Z87. Viti vyake ni vya kawaida, kwa hiyo vinakubaliana, na alifurahi mno. Ila vipuri vya General Motors havikutii ukivisoma kama vya Ford: namba zao ni tarakimu saba tupu, hazina herufi ya mwaka. Huko utategemea misimbo ya tarehe, na hiyo ni elimu nyingine.

Septemba: milango na kapeti

Paneli za Pony zimetoka. Hizo ni kipande kimoja chenye egemeo la mkono ndani yake, kishikio cha umbo la bastola, na kijitaa chini. Nyuma yake, bati la mlango lilikuwa na matundu ya skrubu za egemeo la kawaida, yamepanuka kwa kukazwa na kulegezwa miaka mingi, yakafunikwa. Tundu la waya wa kijitaa lilikuwa limekatwa kwa mkono, kingo zake kali, halina rangi wala mpira wa kukinga waya. Kiwanda hakikati hivyo. Nimelizungushia mpira na kuliacha, kuchomelea karibu na rangi mpya si busara.

Kapeti iliyokuwemo ilikuwa ya nyuzi zilizokatwa, laini chini ya mguu, mtindo ulioshika magari ya Marekani katikati ya miaka ya 1970. Ya 1965 ni ya vitanzi. Imewekwa mpya ya vitanzi, nyeusi, imefinyangwa kufuata sakafu.

Viti vimerudi juu yake. Vyeusi, vya kawaida, mistari yake imenyooka, na ukifungua mlango hakuna kinachopiga kelele. Wapo walionishauri niache farasi kwa kuwa gari la Pony lina bei. Lakini gari lenye kibati cha 26 na viti vya 66 linamdanganya kila anayelinunua, na siku moja mnunuzi atakuwa mtu asiyejua kusoma kibati. Mwaka ule Mustang nyingi zilitoka hivi, nyeusi na za kawaida, zikawapeleka watu kazini, na ndizo zinazopotea kwanza kwa sababu kila mtu anataka kuzivika za fahari.

Viti vya Pony, paneli na geji tano nimeziuza kwa mtu mwenye fastback ya 63B ambayo ndani yake ilikuwa imeoza. Alinitumia picha ya kibati chake kabla sijafunga bei.

Yaliyobaki: kuziba ufa wa usukani, egemeo la mkono la mlango wa kushoto (lililokuja ni la rangi ya samawati, linarudishwa), na mikanda ya kiunoni ya mbele, lebo zake ziwe na tarehe ya kabla ya katikati ya Mei 1965. Mwenye nayo aniandikie.